Nilitia Oili ya Kunuka Kwenye Lori la Kanisa

Nimekosa, na sitaki mtu anitafutie udhuru. Siku ile sikuwa nimelewa, sikuwa mtoto, wala hakuna aliyenidanganya. Nilijua ninachofanya nikakifanya. 

Mimi ni fundi wa magari hapa Kisumu. Jina langu acheni tu. Wakati ule, mwanzoni mwa miaka hii ya sabini, nilikuwa fundi mkubwa katika gereji moja si mbali na stesheni ya treni. Watu walinijua kwa kazi ya giaboksi na difu, lile tumbo la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Lori likianza kulia huko chini, lililetwa kwangu. Nilikuwa nikisimama tu kando, mikono mfukoni, nasikiliza, halafu nasema ugonjwa ni nini. Nilijivuna sana na sifa hiyo. Leo mtu akinisifu hivyo natamani kumziba mdomo.

Kanisa letu lilikuwa na lori moja kuukuu la Kiingereza, la tangu wakati wa vita vya Wazungu. Lilibeba kwaya, lilibeba mawe ya kujengea na mahindi ya shule, na zaidi ya yote lilibeba wafu wetu. Mtu wa kwetu akifia mjini hazikwi mjini. Anarudi dala, nyumbani kwao, alikozikwa baba yake. Lori lile ndilo lililowarudisha wengi, na kanisa halikuwa na lingine.

Dereva wake alikuwa Zablon. Tulibatizwa siku moja, mimi na yeye, na mke wangu alipopatwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza, Zablon ndiye aliyempeleka hospitali kwa lori hilo hilo, polepole, akikwepa kila shimo. Alikuwa na mkono mwepesi. Alibadilisha gia kama mtu anayefunga mlango wa chumba ambamo kuna mgonjwa amelala. Sijaona dereva kama yeye kabla wala baadaye.

Sasa nieleze kidogo habari ya oili, maana kosa langu limo humo. Malori ya siku hizi difu zao ni chuma kwa chuma, na oili yake ni kali. Ina dawa ya salfa, na ukifungua debe unasikia harufu ya yai bovu. Kwa chuma hiyo ni nzuri sana. Lakini lile lori la kanisa lilikuwa la kizazi kingine. Ndani ya difu yake kulikuwa na gurudumu la shaba linalozungushwa na chuma chenye mikunjo kama ya skrubu. Giaboksi nayo ilikuwa na bushi, zile pete za ndani, za shaba. Na ile salfa, ikipata joto, inaila shaba. Haiili kwa siku moja. Inailamba pole pole, miezi, mpaka meno yanakuwa membamba kama ya mzee.

Gari la namna hiyo linataka oili ya kawaida, nzito, isiyo na dawa yoyote. Hilo nililijua kama ninavyojua jina la mama yangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia wazee wa kanisa waiagize, kwa sababu mjini ilikuwa imeanza kuadimika. Ikaja kwa treni, debe moja, ikawekwa stoo kwetu gerejini, na juu yake niliandika kwa chaki neno Kanisa.

Kabla Zablon hajaleta lori, alikuja tajiri mmoja. Naye alikuwa na lori la rika lile lile, la kubebea miwa, na difu yake ilikuwa imekauka. Aliingia stoo akaliona lile debe. Nilimwambia lina wenyewe. Hakubisha. Aliegemea mlango akaniuliza bado naishi wapi, na watoto wangapi, akasikitika kwamba tunabanana chumba kimoja. Kisha akasema mtaani Kaloleni kuna nyumba ya baraza la mji itaachwa wazi mwisho wa mwezi, na kwamba anafahamiana na wanaogawa.

Hakusema zaidi ya hapo. Mimi ndiye niliyechukua kitambaa nikaifuta chaki, naye akaondoka na debe.

Hapo ndipo ninapojichukia kuliko pote. Hakuniomba kuifuta.

Zablon alipoleta lori, nilitoa oili ya zamani yote, nikaingia stoo nikachota ile kali ya malori mapya. Nikaijaza difu, nikaijaza na giaboksi. Zablon alikuwa amechuchumaa kando yangu akinishikia taa. Alikunja pua akaniuliza mbona leo inanuka hivi.

Nikamwambia hii ndiyo mpya, Wazungu wameiboresha, na kwamba kadiri inavyonuka ndivyo inavyofanya kazi. Akacheka. Akasema basi wafu wetu watasafiri na harufu mbili. Nikacheka naye. Ndiyo, nilicheka.

Nilijiambia nitaagiza debe lingine, nitaitoa ile kali baada ya wiki mbili, hakuna atakayejua. Kisha tukahamia Kaloleni. Mke wangu alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji akamshukuru Mungu. Kulikuwa na kupanga vitu, kupaka rangi, kualika wageni, na debe lile sikuliagiza.

Siku moja, lori likiwa gerejini kwa kazi ya breki, nililegeza nati ya chini ya difu nikakinga oili kidogo kwenye kiganja. Ilitoka nyeusi, inanuka kama choo kilichojaa, na ndani yake kulikuwa na unga wa manjano unaong'aa. Ile ilikuwa shaba. Gurudumu lilikuwa linaliwa. Nilisimama pale nikiuangalia ule unga, nikaona nikiitoa oili sasa itabidi niseme kwa nini, na nikisema kwa nini itabidi niseme debe lilikwenda wapi. Nikaikaza nati. Nikaosha mkono kwa sabuni mara nyingi, na harufu haikutoka siku nzima. Jioni ile nilikula kwa mkono wa kushoto.

Halafu akafa Mwalimu Joel.

Mwalimu Joel alikuwa mkatekista wetu, mtu wa Nyakach ya juu, ukishapita Sondu. Alinifundisha kusoma katekisimu na alinisimamia nilipooa. Alivimba tumbo, akalazwa, akafa kabla wikendi haijafika. Aliacha mke, Mama Perpetua, na watoto. Na kule nyumbani alimwacha mama yake mzazi, bibi kizee ambaye kila mtu alimwita Dani, yaani nyanya. Dani hakuwa amemwona Joel tangu Krismasi. Ujumbe ulipomfikia, alirudisha neno moja tu: asizikwe mpaka amwone uso.

Tuliondoka Kisumu asubuhi. Sanduku liliwekwa katikati ya bodi ya lori, Mama Perpetua na watoto wamelizunguka, na kina mama wa kanisa wakiimba. Mimi nilikaa mbele na Zablon. Tukapita Ahero. Tukakunja kuelekea Katito. Nilikuwa nasikia difu ikilia, sauti nyembamba kama ya mbu, na nilijua ni nini. Zablon naye aliisikia. Aliniuliza, nikamwambia ni barabara.

Baada ya Katito, kwenye mpando, jua likiwa utosini, kulikuwa na mlio kama wa mtu anayetafuna mifupa. Kisha lori likaanza kurudi nyuma. Zablon alikanyaga breki, akavuta na ya mkono, akaruka chini yeye mwenyewe akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Hakuna aliyeumia. Injini ilikuwa inanguruma vizuri, gia zinaingia, lakini magurudumu hayakuwa na habari. Meno ya lile gurudumu la shaba yalikuwa yamenyolewa yote.

Niliingia chini ya lori. Nilifungua nati, ikanimwagikia hadi kwenye kifua, moto, imejaa vipande vya shaba, na ule uvundo. Nilitapikia hapo hapo mchangani. Juu yangu, kupitia mbao, nilikuwa nasikia kina mama bado wanaimba.

Nilipotoka, wazee wa kanisa walikuwa wamesimama wananingoja. Zablon yuko nao, anajipangusa jasho. Mzee mmoja akaniuliza nini kimeharibika.

Nikasema, "Difu imevunjika. Zablon ameilazimisha kwenye mlima na gia isiyofaa."

Niliyasema hayo mbele ya maiti.

Zablon aliniangalia. Nilidhani atanipiga, na ningeona afadhali. Lakini hakukasirika hata kidogo. Alionekana tu kama mtu anayejaribu kukumbuka. Akaangalia mkono wake wa kushoto, ule wa gia, akasema taratibu, "Labda. Sikusikia, lakini labda."

Kijana mmoja alipanda baiskeli kwenda Sondu kutafuta gari. Gari halikupatikana siku ile. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya upande wa pili, na malori yote ya karibu yalikuwa yamebeba mahindi. Tukakaa pale na sanduku letu.

Sitaki kueleza yote, lakini nisipoeleza nitakuwa nafanya tena kile kile cha kuikaza nati. Jua lilikuwa kali. Mbao za sanduku zilikuwa mbichi, zikaachana. Alasiri maji yalianza kudondoka kwenye bodi ya lori na kupenya chini hadi barabarani. Nzi walikuja, wakubwa, wa kijani. Watu walikata matawi ya mikaratusi wakayapanga juu ya sanduku, wakamwaga majivu, haikusaidia. Nyimbo zilikwisha zenyewe. Watu walianza kusogea, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote wakawa mbali, upande upepo unakotoka, vitambaa puani. Watoto wa marehemu walitapika. Mama Perpetua peke yake hakuteremka. Alikaa pale pale akipunga leso, anafukuza nzi, anafukuza nzi, hata usingizini mkono wake uliendelea kupunga.

Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa kwenye lile kundi la mbali, nimeziba pua.

Siku ya pili mchana ndipo lilipokuja lori la mahindi kutubeba. Tulipofika dala, Dani alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa gauni la Jumapili. Akasema mfungueni. Wazee wakamwambia haiwezekani. Akarudia, kwa upole tu, mfungueni, mimi ndiye mama. Wakamshika mikono. Kaburi lilikuwa tayari na padri alishaanza kusoma haraka haraka, huku ameshikilia kitambaa.

Dani aliweka viganja vyote viwili juu ya kifuniko, kwenye ule unyevu, hakujali. Akasema, "Mmeniletea sanduku. Nitajuaje kama ni Joel?"

Tukamzika.

Mambo yaliyofuata yalikwenda upesi. Wazee wa kanisa walikaa kikao, wakamwondoa Zablon kwenye udereva. Waliniita nieleze kama fundi, nikaeleza tena, na safari ile nilieleza vizuri zaidi, kwa maneno ya kitaalamu, hata wakanishukuru. Zablon hakujitetea. Alisema kama fundi amesema hivyo, basi ni hivyo. Akahama Kisumu na familia yake. Lori likauzwa kama chuma chakavu.

Na Dani alikataa. Hakuamini kwamba mwanawe amekufa. Kila aliyepita njia ya Sondu kwenda Kisumu alisimamishwa na kibibi kile, akaombwa amsalimie Joel huko mjini, amwambie mama yake anauliza atakuja lini. Madereva, wachuuzi, wanafunzi, wote. Watu walirudi mjini wakicheka kidogo, wakisema kuna bibi amechanganyikiwa. Mimi nilisikia habari hiyo gerejini, chini ya gari la mtu, na nilijua hakuchanganyikiwa. Hakuonyeshwa uso, basi. Alikufa mwaka juzi akiwa bado anangoja, na wanasema hata siku ya mwisho aliacha chakula kwenye sahani, kimefunikwa.

Kifo hicho ndicho kilichonivunja. Nilikonda. Nikipitisha chakula mdomoni kinanuka yai. Mke wangu alinipeleka kwa daktari, daktari hakuona kitu. Mwisho nilimwambia yeye kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama kuta, akatazama sakafu, akaniuliza, "Kwa hiyo ndiyo nyumba tunayolala?" Tangu hapo analala na watoto.

Mwaka jana nilikwenda kumtafuta Zablon. Nilimkuta Sondu, kwenye kinu cha kusaga unga, mweupe kuanzia nywele hadi viatu. Alifurahi kuniona. Alinipa kigoda, akazima mashine ili tusikilizane, akauliza habari za mke wangu. Nikamwambia yote. Nyumba, debe, chaki, unga wa shaba kiganjani, nati niliyoikaza.

Alijipangusa unga mikononi. Kisha akasema, "Omera, ndugu yangu, mimi niliacha kuendesha. Tangu siku ile sijagusa usukani. Nilijua nitaua mtu. Niliamini mkono wangu ndio mbaya."

Nikasema haukuwa mbaya. Nikasema ulikuwa mkono bora niliowahi kuuona.

"Ungeniambia," akasema. Basi.

Nikapiga magoti kwenye unga nikamwomba msamaha. Akaniambia niinuke. Alisema yeye atanisamehe leo hii, kwa sababu amechoka na hana nguvu za kukasirika. Lakini niende kwa Mama Perpetua. Na huko nisiombe chochote. Nimwambie tu, kisha nikae nisikilize.

Mama Perpetua anakaa Migosi siku hizi, chumba cha kupanga, anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Nilimkuta anazichambua kwenye ungo, anatoa vijiwe. Nikaongea. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza, aliniuliza swali moja, kama yule tajiri alijua oili ile ilikuwa ya kanisa. Nikamwambia alijua, lakini aliyefuta jina ni mimi.

Ndipo alipoweka ungo chini akawaita watoto wake. Wamekuwa watu wazima sasa, mkubwa ni mwalimu kama baba yake. Akawaketisha. Akaniambia, "Sema tena. Usiruke kitu."

Nikasema tena, mbele ya wale niliowaona wakitapika barabarani. Yule mkubwa alitoka nje kabla sijamaliza. Mama Perpetua alinisikiliza hadi mwisho, akasema sasa naweza kwenda, na nisirudi pale mpaka aniite. Hajaniita.

Lakini alikwenda kwa wazee wa kanisa. Zablon akatumiwa neno, akaja Jumapili moja, na ikatangazwa mbele ya watu wote kwamba hakuharibu lori, na kwamba kanisa linamwomba radhi. Kanisa lina lori lingine sasa. Baada ya ibada walimpa funguo hapo uwanjani, na kina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nje ya ua, nimesimama barabarani.

Akapanda. Akawasha. Nikasikia injini imekaa vizuri. Alikaa pale ndani, lori linanguruma, watu wanapisha, wanangoja. Kisha akazima, akateremka taratibu, akamrudishia mzee funguo. Alisema anashukuru sana, lakini ana mahindi ya watu kinuni. Akatembea kwenda stendi.

Waliohusika wananijua jina, kwa hiyo sijifichi kwao. Nyinyi wengine hamna haja ya jina langu. Chukueni kosa.

Mafundi wenzangu, mnajua ninachosema. Mnajua kila mara mnapotia kitu kisichofaa mkanyamaza kwa sababu mwenye gari haoni. Difu haionekani, giaboksi haionekani, nani atafungua? Usiseme utabadilisha wiki ijayo. Kama umeshatia, itoe leo, na umwambie dereva kwa mdomo wako kabla hajapakia watu. Atakutukana. Utafukuzwa kazi, labda. Vumilia. Mimi niliogopa aibu ya dakika chache mbele ya wazee wa kanisa, na kwa sababu hiyo mwanamke mmoja alikaa miaka kando ya barabara ya Sondu akiwauliza wapita njia habari za mtoto ambaye tulikuwa tumeshamzika uani kwake.